Shangazi Anamenya Magimbi

Asubuhi ya maziko ya mzee Isileli, Akanesi, mke wa mwanawe wa kwanza, alimwaga machozi kwa ajili ya mfuniko wa sufuria. Mzee mwenyewe alikuwa bado hajamlilia. Alikuwa amelazwa sebuleni katika jeneza lililo wazi juu ya mikeka, amefunikwa hadi kifuani, wanawake wamemzunguka wakiimba, na kila Akanesi alipopita pale machozi yalimfika kooni kisha yakarudi, kama mgeni aliyekuta wenyeji wana shughuli. Lakini mfuniko ule wa sufuria kubwa ya chai, uliokuwepo jana na leo haupo, ulimkalisha chini nyuma ya mlango wa stoo akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Kisha akajifuta, akainuka, akamfokea kuku.

Kuku hakuwa amefanya lolote. Alikuwa anapita.

Stoo ile ilikuwa imejaa mali ya msiba hadi darini: mikeka mipana ya kulalia wafu, mikeka laini ya kurithishana, mabunda ya nguo za magome yaliyochorwa, marefu kama mitumbwi. Kila ukoo uliokuja kulia ulikuja na bunda lake, na kila bunda lilitaka bunda jingine la kurudisha, lisilo dogo likatukana wala kubwa likajivuna. Mambo hayo huwa hayaandikwi. Anayeandika mkeka wa mgeni huonekana mwenye duka. Hukaa kichwani mwa mwanamke mmoja, na mama mkwe aliyekuwa na kichwa hicho alishatangulia kaburini, nao mawifi wako Auckland wanalilia kwenye simu. Kikabaki kichwa cha Akanesi.

Humo mlikuwamo nini? Mkeka wa kwaya usiende kwa mchungaji, maana kwaya na mchungaji hawapatani tangu Krismasi. Gome la watu wa ng'ambo ya bandari lisirudi kwao wenyewe wakalitambua kwa mchoro. Nguruwe mwenye doa ni wa msemaji wa ukoo, na wa yule mkubwa zaidi, mgongo wake ni wa Shangazi. Maboksi ya nyama ya kondoo yasikae juani, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu juzi. Viti ni vya shule. Chai ya wapiga tarumbeta bado. Mfuniko. Alikuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani bila ngata, na watu wakawa wanampa mikono.

"Akanesi, mkwe wangu," sauti ilisema mlangoni. "Nina kaneno kadogo."

Alikuwa Shangazi Toakase, dada mkubwa wa marehemu, aliyefika jana kwa meli kutoka Vava'u na kulala kwa mchungaji. Ni kizee mnene, mwenye gauni jeusi na mkeka mzuri kiunoni, na macho yaliyozoea kutiiwa.

Msiba wa Kitonga, kwenye visiwa hivi vya Pasifiki, una mbele na nyuma. Mbele, kichwani pa maiti, hukaa wakubwa. Nyuma, kwenye moshi, hukaa wadogo na kufanya kazi. Hakuna anayeuliza akae wapi, damu ilishamwambia. Na mkubwa wa wakubwa wote ni dada wa marehemu. Huyo ndiye fahu: haombi, huchukua, hatumwi, hutuma, na jeneza halifungwi mpaka atamke.

"Subiri kidogo, Shangazi," Akanesi alisema. "Nisije nikapoteza hesabu."

Shangazi aliwatazama wale wanaume wa ukoo waliokuwa wakitoa mabunda nje, akafumba mdomo, akarudi kichwani pa mdogo wake.

Wimbo haukumaliza hata beti mbili, karudi.

"Mkwe. Lile jambo langu."

"Naja, Shangazi, naja."

Hakwenda. Alikuwa amesimama kati ya mabunda, amefumba macho, akipanga mpangilio wa mwisho: huu kwanza, ule juu yake, lile gome katikati. Alipofika katikati mtu mmoja akauliza chumvi iko wapi, mpangilio wote ukamwagika. Akaanza upya. Akafika katikati. Simu ya wifi ikalia. Akaanza upya. Shingo ilikuwa imekaza kama kamba ya nanga, na nyuma ya macho palikuwa pakipiga kama mtu anayeponda gome.

"Akanesi."

"Kama huna kazi," Akanesi alisema bila kugeuka, "nenda nyuma ukamenye magimbi."

Kisha sauti ile ikasema, "Haya," na nyayo zikaondoka taratibu kuelekea uani.

Kwa mara ya kwanza siku ile Akanesi alihesabu akafika mwisho. Na pamoja na ule mwisho alihisi kautamu fulani mwilini, kama wa mtu aliyejikuna mahali palipokuwa pakimwasha miaka mingi. Hakukauliza kanatoka wapi. Hakuwa na nafasi.

Wa kwanza kumjia alikuwa mumewe Siosaia, mtu mpole, mwenye mabega ya kubeba mashua na sauti ya kubembeleza mtoto.

"Mchungaji anasema tufunge jeneza. Wingu lile halitungoji, na kaburi la mchanga likinyeshewa linaporomoka. Shangazi yuko wapi?"

"Kichwani pa baba."

"Hayupo."

"Kama hayupo kichwani pa baba yuko wapi, Saia? Mimi ndiye nimemla?"

Hapo mlango wa uani ukafunguka, akaingia Kalo, mkuu wa jikoni. Alikuwa wa upande wa chini kabisa wa ukoo, na siku za msiba huvaa mkeka mkuukuu uliochanika, unaomfika kwapani, kama samaki aliyefungwa kwenye majani. Wadogo hawana heshima ya kupoteza, ndiyo maana huwa na midomo.

"Bibi mwenye nyumba," Kalo alisema, "njoo utuondolee mgeni wako. Kaja jikoni, kakaa chini, kachukua kisu, anamenya."

"Nani?"

"Nikikutajia utazimia, nami sina nafasi ya kukupepea."

Saia alishaelewa. "Shangazi anamenya magimbi?"

"Anamenya. Na anamenya vizuri, usiniulize alijifunzia wapi. Tumemwomba ainuke, anasema katumwa."

"Katumwa na nani?"

Kalo alimtazama Akanesi tu, kwa adabu iliyopita kiasi.

"Akanesi," Saia alisema polepole. "Ulimwambia nini Shangazi?"

Ungemwona Akanesi saa ile ungemhurumia. Kinywa kilifunguka kabla ya kichwa kuruhusu. "Sikugeuka, Saia. Nilikuwa na mikeka kichwani. Nilisikia mtu mlangoni, nikadhani ni Kalo."

"Ahaa," Kalo alisema. "Kwa hiyo ningekuwa mimi, maneno yale ni halali."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na wote watatu walilijua.

Uongo ule ulitoka umeshavaa nguo za kanisani, hata Saia akashusha pumzi. Sikugeuka: kweli tupu. Nilikuwa na mikeka: kweli tupu. Lakini sauti iliyokuamrisha miaka ishirini, iliyompa mwanao wa kwanza jina bila kukuuliza, iliyoingia nyumbani kwako ikaukuta ukutani mkeka uliosukwa na marehemu mama yako, ikasema "Mzuri huu," ikauviringisha na kwenda nao, sauti hiyo huifananishi na ya Kalo hata ukiwa umelewa. Akanesi aliijua. Aliijua kabla haijamaliza kutaja jina lake.

Alibaki katikati ya stoo, na mpangilio wote wa mikeka ukamtoka kichwani kama maji kwenye kikapu.

Jikoni ni paa la mabati juu ya nguzo nne, pembeni mashimo ya kuokea, mbele uwanja wa kuoshea vyombo. Hapo uwanjani, juu ya jani la mgomba, Shangazi Toakase alikuwa ameketi miguu imekunjwa upande, kisu mkononi, mlima wa magimbi kuliani, beseni la maji meupe kama maziwa kushotoni. Kwa adabu hakuna anayeruhusiwa kichwa chake kuwa juu ya kichwa cha fahu. Naye fahu alikuwa amekaa chini. Basi jikoni nzima ilikuwa inatambaa. Wanawake wazima walikuwa wakipita kwa magoti na sufuria mikononi. Wanaume wa mashimoni walikuwa wamelala kifudifudi, wanachochea kuni kama watu wanaoviziana. Mawe ya kuokea yalikuwa yanapoa, kwa sababu nguruwe hawezi kuingizwa shimoni na mtu anayetambaa.

Akatumwa msemaji wa ukoo, mzee Havili, ambaye aliwahi kupatanisha vijiji viwili vilivyokuwa vimeshashika mapanga. Alikwenda na mzizi mkubwa wa kava, kinywaji cha kuombea msamaha, akaulaza chini, akaketi mbali, akasafisha koo.

"Dada mkubwa, kichwa cha nyumba hii," alisema. "Tumekosa. Tuko chini kuliko magimbi haya. Tunaomba uinuke utupe neno, tumstiri mdogo wako."

"Mmekosa nini, Havili? Nimepewa kazi, naifanya." Alilitia gimbi ndani ya beseni, akachukua jingine. "Jua litatoka leo?"

Havili akatazama juu. "Sidhani, mama."

"Basi niletee gunia jingine."

Yule mpatanishi wa vijiji akatambaa kwenda kuleta gunia.

Akaenda Saia. Aliketi kwenye tope mbele ya shangazi yake, akainamisha kichwa, akalia wazi mbele ya watu bila kujifuta. Wapiga tarumbeta, waliokuwa wakingoja chai chini ya mti, wakageuza nyuso.

"Ondoka topeni, mwanangu, utachafua shuka la kiunoni," Shangazi alimwambia, tena kwa upole. Lakini hakuinuka. Mkeka mzuri wa kiunoni alikuwa ameuvua na kuukunja, ameuegemeza ubavuni, na kila mtu aliyejaribu kusogea nyuma yake kumnyanyua alikutana na jicho lililomrudisha.

Maneno yakaanza kutembea ua kwa ua. Kwamba mzee wa watu ataoza kwa mdomo wa mkwe. Kwamba tangu zamani yule mke wa Saia ana jeuri, ni vile tu alikuwa anaificha chini ya kofia ya kanisani. Kwamba Shangazi atarudi Vava'u bila kutamka, na watoto wa ukoo huo watalaaniwa hata wasioe. Mama mmoja alisema angejua hivyo asingeleta mkeka mkubwa namna ile. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mvua kutoka baharini.

"Nenda wewe," Saia alimwambia mkewe. Hakumwangalia. "Uliyemtuma umwondoe."

Akanesi alifungua nywele zikamwanguka mabegani, akavaa mkeka mkuukuu kuliko wa Kalo, akatambaa. Kutoka mlangoni hadi uwanja wa vyombo si mbali, lakini tambaa wewe, watu wamekaa pande zote kama wanaotazama mashindano, nawe goti limeangukia ganda la nazi. Alisikia mtu akicheka puani. Hakumlaumu.

"Shangazi."

"Mkwe."

"Nimekosa."

"Nimesikia." Kisu kikaendelea. Ganda likatoka jembamba, refu, bila kukatika.

"Sikujua kuwa ni..." Akanesi alianza, na sentensi ikamkataa. Macho ya kizee yalikuwa juu yake, na katika macho yale hapakuwa na hasira aliyoitarajia. Palikuwa na kitu kingine ambacho hakuwahi kukiona humo, akachelewa kukitambua. Shangazi alikuwa anaogopa.

Kizee aliinama kama anayechagua gimbi, midomo ikamsogelea sikioni.

"Choo kile cha zamani," alinong'ona, "kilichokuwa penye mshelisheli. Mlikipeleka wapi?"

"Kimbunga kilikichukua, Shangazi. Pale tumeweka tangi. Kipya kiko kule mwisho, nyuma ya..."

Aliyaona yote sasa, moja baada ya jingine, kwa uwazi ambao hakuwa ameuonja siku tatu. *Nina kaneno kadogo. Lile jambo langu.* Stoo imejaa wanaume wa ukoo, na ng'ambo ya ukuta mdogo wake amelala. Dada hataji mambo ya chooni palipo na ndugu yake wa kiume, hata akiwa amekufa. Afadhali akatwe ulimi. Wanawake waliokaa naye kichwani pa maiti walikuwa bega kwa bega na watoto wa kiume wa marehemu. Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, mke wa nyumba, na mara zote tatu mke wa nyumba alikuwa na mikeka.

"Nilifika hapa tu," Shangazi alisema. "Miguu ya kizee. Nikaona bora nikae." Alichukua gimbi jingine. "Nilidhani jua litatoka, likaushe."

Akanesi alishusha macho. Gauni jeusi lililoloa halijitangazi. Lakini jani la mgomba lilikuwa na kidimbwi, na ule mkeka mzuri uliokunjwa haukuwekwa ubavuni kwa bahati. Kizee wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akipishwa njiani na wachungaji, alikuwa amekaa katikati ya watu mia akimenya chakula cha msiba ili asisimame.

Wangeinamiana pale hadi lini? Akiita nguo kavu, jikoni nzima itauliza ya nini. Akimwinua, wataona. Akisema watu wapishe, ndio kwanza watachungulia, watu ni watu. Asubuhi yote kichwa chake kilikuwa soko. Sasa kilikuwa na kitu kimoja tu, nacho kikakaa kimya kikimtazama.

"Shangazi," alinong'ona, "nisamehe kwa hili jingine."

"Lipi tena?"

Akanesi akasimama.

Alisimama wima, kichwa chake juu ya kichwa cha fahu, mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Akalinyanyua lile beseni la maji ya magimbi kwa mikono miwili kama anayekwenda kulimwaga, akapiga hatua moja, akajikwaa kwenye ganda la nazi ambalo halikuwapo hapo, na beseni zima likamshukia Shangazi Toakase kuanzia kichwani. Maji yaliyobaki yakamwagikia mwilini mwa Akanesi mwenyewe alipoanguka.

Maganda yalikuwa yananing'inia kwenye mvi za kizee kama mapambo.

"Basi," Kalo alisema kwa sauti ndogo. "Tumekwisha."

Saia alifika mbio, na yule mtu mpole wa sauti ya kubembeleza akamwambia mkewe neno moja ambalo hakuwahi kumwambia na hajamwambia tena. Tuliache palepale kwenye maganda. Akanesi alibaki amepiga magoti, maji yakimtiririka shingoni, hakusema lolote. Watu walimwona hivyo, wakaona kiburi.

Shangazi alijifuta macho. Alimtazama Akanesi muda mrefu kiasi cha watu kuanza kuogopa. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, ya kusikika hadi barabarani:

"Kwanza ananituma, sasa ananiogesha. Nani mwingine katika visiwa hivi ana mkwe kama wangu?" Akanyoosha mkono. "Niinue, wewe. Unipeleke nikabadilishe. Na mtu mwingine asiniguse, aliyenilowesha ndiye atakayenikausha."

Akainuka, amelowa mwili mzima, na katika mwili mzima ulioloa hakuna aliyeuliza sehemu gani ilitangulia.

Bafu la nyuma ni la mabati, na mwanga huingia kwa matundu ya misumari. Nguo nyeusi kavu ilikuwapo moja tu nyumbani, ile aliyoishona Akanesi kwa ajili ya maziko haya, mikono ina lesi. Alimvisha Shangazi. Ilibana kifuani na ikazidi chini.

"Utavaa nini wewe?"

"Hii hii niliyonayo."

"Imelowa."

"Ndiyo."

Shangazi alishika ukuta, amegeuza mgongo. Bila ule mkeka na bila watu wa kumwinamia alikuwa mfupi. Akanesi alianza vifungo kutoka chini.

"Shangazi, kule ndani nilisema nilidhani ni Kalo."

"Nimeambiwa."

"Si kweli. Niliijua sauti yako."

Mvua ndogo ilianza kugonga bati, ikaacha.

"Nilijua unajua," Shangazi alisema. "Mtu asiyejua anasema na nani hupandisha sauti. Wewe uliishusha."

Vidole vya Akanesi vilikosa tundu la kifungo. "Nilikuwa na mambo mengi mno kichwani. Tangu alfajiri sijui ninacholia wala ninachochekea. Nimemfokea mpaka kuku."

"Naamini. Hata mimi nilipomzika mume wangu nilimpiga mwenzangu mwiko kwa sababu ya chumvi. Chungu kikijaa humwagika, mkwe. Ila humwagika kilichomo." Akageuza kichwa nusu. "Ni ule mkeka?"

Akanesi alifikiri kukataa. "Ni ule mkeka."

"Siurudishi."

"Najua."

"Nimelala juu yake miaka kumi na moja. Mama yako alikuwa na mkono." Na kidogo tu, kama mtu anayeegemea bila kutaka ionekane, akaegemea. "Na hili la leo, la kule uwanjani."

"Lipi, Shangazi? Mimi nilikumwagia maji."

"Ndiyo. Ulinimwagia maji." Akajinyoosha. "Funga cha juu. Kuna mtu anangoja kuzikwa."

Jeneza lilifungwa baada ya Shangazi Toakase kukaa tena mahali pake, kichwani pa mdogo wake, katika gauni lisilomtosha, akalaza kiganja kwenye paji la uso la marehemu na kusema, "Haya. Mchukueni." Tarumbeta zikalia bila chai. Mvua ikangoja, kwa heshima au kwa bahati.

Mikeka iligawanywa vibaya. Akanesi hakukumbuka hata nusu. Mkeka wa kwaya ukaenda kwa mchungaji, gome la watu wa ng'ambo ya bandari likarudi kwao na mchoro wao, wakalitambua, nguruwe mwenye doa akapotelea kusikojulikana. Havikuanguka visiwa. Watu walinung'unika, wakala, lakini habari ya siku haikuwa mikeka. Habari ilikuwa imeshapanda meli ya jioni kabla ya abiria: mke wa Saia kamtuma fahu jikoni, hakuridhika, akamwogesha. Itamfuata kwenye kila karamu ya kanisa. Akishika beseni, mtu atauliza kama Shangazi yuko karibu. Saia atakaa wiki nyingi akimwambia yanayolazimu tu, chumvi, funguo, usiku mwema, na siku akimwomba ajenge choo kipya karibu na nyumba atakijenga bila kuuliza, huku akiamini ni cha wageni.

Lakini hayo ni baadaye. Pale makaburini walikuwa wanaimba, na magimbi mabichi huwasha.

Kila mtu wa jikoni anajua hilo. Maji yake yakikaukia mwilini ni kama kulaliwa na siafu. Kumbe watu wa mbele hawajui. Akanesi alimwona Shangazi, ng'ambo ya shimo, akisugua kifundo cha mkono chini ya mkeka kwa siri, kisha shingo, kisha akajifanya anaweka sawa nywele. Macho yao yakakutana juu ya jeneza. Kona moja ya mdomo wa kizee ilitetemeka, naye akainama haraka kama aliyezidiwa na huzuni.

Akanesi alikuwa anawaka kuanzia shingoni hadi mapajani. Gauni la maji lilikuwa limemganda, na kila uzi ulikuwa na meno. Alikuwa nyuma, hakuna aliyekuwa akimtazama kwa wema au kwa ubaya kiasi cha kujali, angeweza kujikuna. Vidole vilishaanza safari. Ndipo akakumbuka kale kautamu ka stooni, mgongo ameupa mlango, na neno limeshatoka, na nyayo za kizee zinaondoka polepole kwenda kutafuta choo kisichokuwepo.

Akakunja mikono kifuani.

Mchanga wa kwanza ulipogonga ubao, hatimaye alimlilia mzee Isileli, ambaye hakuwahi kumfokea hata siku moja, na ambaye ule mfuniko wa sufuria ndiye aliyeuchomelea kishikio. Wanawake wa karibu wakagusana viwiko. Sasa anajuta, wakasema, anajutia yale maji. Akanesi akawaacha waseme, na pale palipokuwa pakimwasha akapaacha pawashe.